Neno DEAD kwenye majibu ya mwanangu lina maana gani?

Swali lililoletwa kwangu ni hili, nimelifupisha kidogo tu:

“Shikamoo daktari. Naandika kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma. Binti yangu ana miaka minne. Alichelewa kukaza shingo, akachelewa kukaa, akatembea akiwa na miaka miwili na nusu, na mpaka leo maneno yake ni mawili: ‘mama’ na ‘maji’. Baada ya kuzunguka sana, damu yake ilipelekwa nje ya nchi, majibu yamerudi yanasema DDX3X, na chini yake imeelezwa kuwa ni helikesi ya RNA ya kundi la DEAD. Niliposoma hilo neno la Kiingereza nilikaa chini. Nimeperuzi kwenye simu, nikakuta DDX3X inatajwa kwenye kansa ya ubongo, kwenye UKIMWI, kwenye homa ya ini. Mama mkwe anasema ni ule udongo niliokuwa nakula wakati wa ujauzito. Jirani anasema nimpeleke Mirembe. Mwanangu atakufa? Ni mimi nimemsababishia? Dawa ipo? Na siku hizi kuna wakati anaduwaa tu, ukimwita hasikii, halafu anarudi kuwa kawaida.”

Marahaba, dada. Pole kwa safari hiyo. Nianze na hilo neno lililokukalisha chini.

DEAD pale halina uhusiano wowote na kifo. DDX3X ni jina la jeni, na pia la protini inayotengenezwa kwa agizo la jeni hiyo. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na wataalamu wamezipa asidi hizo herufi moja moja ili wasichoke kuandika. D ni asidi aspartiki, E ni asidi glutamiki, A ni alanini. Mwaka 1989 watafiti walipozilinganisha protini kadhaa za aina hii waliona zote zina mahali ambapo herufi hizo zimefuatana D, E, A, D, wakalibatiza kundi zima jina hilo. Ni utani wa maabara, na waliotania hawakumfikiria mzazi atakayekuja kulisoma peke yake sebuleni usiku. Protini za kundi la DEAD unazo wewe, ninazo mimi, anazo mbuzi wa Kongwa, na hata hamira inayoumua maandazi ina ndugu yake DDX3X. Binadamu ana takriban 40 za kundi hili. Kwa hiyo mwanao hana kitu cha ajabu kilichoingia mwilini. Ana kitu ambacho sote tunacho, ila nakala yake moja ina hitilafu.

Sasa kitu chenyewe kinafanya nini? Siku moja nilikuwa nimekaa kwa fundi cherehani karibu na soko la Majengo, nasubiri suruali ikunjwe. Cherehani ikagoma. Uzi ulikuwa umejisokota chini ya kitambaa, ukafanya kifundo. Mimi mkono ulinicheza, nikataka kumwambia auvute. Fundi hakuuvuta. Aliinamisha kichwa, akachukua ncha ya sindano, akaiingiza pale pale kwenye fundo, akalilegeza, akaitoa sindano, akakanyaga pedali. Hakugusa uzi uliobaki kwenye gurudumu wala ule uliokwisha kushonwa.

Hiyo ndiyo kazi ya DDX3X, karibu kabisa na ilivyo. Maagizo ya mwili yamehifadhiwa kwenye DNA ndani ya kiini cha seli. Seli ikitaka protini fulani, inanakili agizo lake kwenye RNA, na nakala hiyo inatoka nje ya kiini kwenda kwenye ribosomu, mashine inayosoma herufi na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba RNA ni uzi wa peke yake, na uzi wa peke yake hauishi kujisokota. Herufi zake zinatafutana na kushikana, unapata vitanzi na mafundo. Fundo likiwa mwanzoni mwa agizo, kabla ya mahali pa kuanzia kusoma, ribosomu inakwama.

DDX3X ina asidi amino 662, na sehemu yake ya katikati ina umbo la viganja viwili vilivyounganishwa. Inashika RNA mahali penye fundo pamoja na molekuli ya ATP, ile nishati ya seli. Viganja vikifumba, RNA inapindwa kiasi kwamba herufi zilizoshikana zinaachana. ATP inavunjwa, viganja vinafunguka, protini inaondoka kutafuta kazi nyingine. Protini za kulegeza mafundo hivi ndizo zinazoitwa helikesi, na zipo nyingine zinazotembea juu ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho kama unavyofungua zipu. Hii yetu si ya hivyo. Hii ni ya ncha ya sindano: inalegeza herufi chache, inatoka.

Jambo moja zaidi hapa, maana ndilo linaloeleza hali ya binti yako. Maagizo mengi ya seli hayana mafundo ya kutisha, yanasomeka hata DDX3X ikiwa haba. Yanayoumia ni yale yenye mwanzo uliosokotana sana. Ubongo wa mtoto aliye tumboni unajengwa kwa haraka, seli za fahamu zinazaliwa kwa mamilioni, zinahama kwenda mahali pake, zinarefusha nyuzi kuunganishana, na yote hayo yanataka protini sahihi kwa saa sahihi. Kwa panya wa maabara waliopunguziwa protini hii, seli za fahamu zinazozaliwa zinakuwa pungufu. Kwa watoto, picha za ubongo mara nyingi zinaonyesha kwamba lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu ya kulia na nusu ya kushoto ni jembamba. Ndiyo maana misuli inalegea, kutembea kunachelewa na maneno yanakawia zaidi ya vyote. Mtoto hana uvivu. Hajadekezwa.

Kwa nini binti? Herufi X ya mwisho kwenye DDX3X inataja kromosomu jeni hiyo inapokaa. Mwanamke ana X mbili, na kwa kawaida kila seli inaizima moja ili isipate dozi maradufu. Lakini kuna jeni zinazokwepa kuzimwa, na DDX3X ni mojawapo. Kwa mwanamke nakala zote mbili zinafanya kazi. Binti yako ana moja nzima na moja mbovu, kwa hiyo anaishi na dozi pungufu. Mwanamume ana X moja tu, ila kwenye Y yake kuna pacha anayeitwa DDX3Y, anayefanana naye kwa zaidi ya asilimia 90. Hata hivyo pacha huyo hazibi pengo lote, na mtoto wa kiume ambaye DDX3X yake imeharibika kabisa huaminika hafiki kuzaliwa. Wavulana wenye hali hii wapo, ni wachache, na mara nyingi hitilafu yao ni ndogo. Mwaka 2015 ndipo ilipoandikwa taarifa kubwa ya kwanza, ikiwa na wasichana na wanawake 38 wa nchi mbalimbali, na waandishi wakakadiria kwamba hali hii inachangia asilimia 1 hadi 3 ya ulemavu wa akili usiojulikana chanzo kwa watoto wa kike. Kwa hiyo siyo nadra kama unavyoweza kudhani. Kinachokosekana ni kipimo tu, na naamini wapo mabinti wengine Bahi, Mpwapwa na Kondoa ambao karatasi yao haitaandikwa kamwe.

Ni wewe umemsababishia? Hapana. Na hapa nakuomba umsomee mama mkwe kwa heshima zote, si kwa ushindi.

Kwa mabinti, karibu mara zote hitilafu hii haipo kwa mama wala kwa baba. Imetokea upya, kwenye yai au mbegu moja au mara tu baada ya kutungwa mimba, wakati herufi zinanakiliwa. DNA yetu ina herufi kama bilioni tatu na kila mtoto anayezaliwa, pamoja na wewe na mimi, ana makosa makumi kadhaa ya kunakili ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mengi yanaangukia mahali pasipo na madhara. La mwanao limeangukia mahali pabaya. Udongo wa pemba mimi siutetei, unaweza kubeba minyoo na madini yasiyofaa na unaendana na upungufu wa damu, lakini hauna uwezo wa kwenda kuchagua DDX3X na kuiharibu. Zaidi ya hapo, kosa hilo huwa limeshatokea kabla mama hajaanza hata kuitamani hiyo pemba.

Chukua tena ile karatasi. Tafuta mstari unaoanza na c. na mwingine unaoanza na p., hizo ni anwani za hitilafu: ya kwanza kwenye herufi za jeni, ya pili kwenye protini. Mwishoni mwa ile ya p. ukiona fs, Ter au kinyota, maana yake mnyororo umekatika njiani na nakala hiyo haitoi protini inayofaa. Ukiona majina mawili ya asidi amino na namba katikati, kwa mfano Arg, namba, halafu Cys, maana yake kipande kimoja kimebadilishwa na kingine na protini inatoka nzima lakini imepinda. Watu wanadhani iliyokatika ndiyo mbaya zaidi. Mara nyingi ni kinyume. Sindano iliyokosekana inabaki pengo, ila sindano iliyopinda inaingia kwenye fundo na kunasa. Watoto walioathirika zaidi, wenye gamba la ubongo lenye mikunjo midogo midogo kupita kiasi, wengi wao ni wa kundi hilo la kubadilishwa kipande kimoja. Angalia pia kama zimeandikwa herufi VUS. Zikiwepo, maabara inasema imeona tofauti lakini haijui kama ndiyo chanzo cha tatizo, na hapo damu ya wewe na baba yake inahitajika kabla hamjalibeba jina la ugonjwa. Kwa kweli hata kama hazipo, mkiweza pimeni wote wawili. Wazazi wakikutwa hawana, uwezekano wa mtoto mwingine kupata hali hiyo hiyo ni mdogo, kiasi cha asilimia 1, ambayo inabaki kwa sababu mara chache hitilafu hujificha kwenye mayai au mbegu bila kuonekana kwenye damu.

Kansa ndiyo iliyokutisha zaidi. Tuitenge, maana simu yako imechanganya mambo mawili kwa kuwa yana jina moja.

Hitilafu ya binti yako alizaliwa nayo, iko kwenye seli zake mwili mzima. Ile ya kansa inatokea baadaye, kwenye seli moja ya mtu ambaye seli zake nyingine zote ni nzima, na seli hiyo inazaana mpaka inakuwa uvimbe. Uvimbe wa meduloblastoma, unaoota nyuma chini ya ubongo wa watoto, ulipochunguzwa jeni zake mwaka 2012 ulikutwa mara kwa mara na hitilafu za DDX3X, na katika aina yake mojawapo karibu nusu ya vivimbe vilikuwa nayo. Hitilafu hiyo haifanyi kazi peke yake, inaungana na nyingine. Kansa haimo kwenye orodha ya dalili za kawaida za hali aliyo nayo binti yako. Atakayekwambia umfanyie CT Scan kila baada ya miezi kadhaa kutafuta uvimbe, muulize kwa dalili ipi.

Kuna kansa nyingine ambayo kwetu Afrika Mashariki tunaijua kwa sura, limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliielezea mwaka 1958, na kwenye maeneo yetu inaandamana na malaria na kirusi cha Epstein-Barr. Vivimbe vyake, hasa vya wanaume, mara nyingi vimepoteza DDX3X. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikuna kichwa: kansa inahitaji kutengeneza protini nyingi, sasa kwa nini imtupe fundi wake? Jibu lililotolewa mwaka 2021 ni tamu kweli. Kwenye limfoma hii jeni inayoitwa MYC imewashwa kupita kiasi, na inaisukuma seli itengeneze protini kwa pupa mpaka inakaribia kujisonga yenyewe. Kumpoteza DDX3X kunapunguza mwendo, seli inapumua, inapona kifo. Baadaye, uvimbe ukishazoea, inamwamsha yule pacha wa kwenye Y, DDX3Y, na kazi inarudi kasi. Kwa hiyo protini hii huwezi kuiita nzuri wala mbaya. Inategemea seli ipi, na katika hatua gani.

Habari za virusi ni hivyo hivyo. VVU vina uzi mrefu wa RNA wa herufi zaidi ya 9,000, na ili vizaliane lazima nakala nzima zitoke ndani ya kiini bila kukatwakatwa. Kirusi hakina helikesi yake mwenyewe, kinaazima ya mwenye nyumba. Mwaka 2004 ilionekana kwamba DDX3X ndiyo inayosaidia kuzitoa. Kirusi cha homa ya ini aina ya C kinayo helikesi ya kwake, lakini protini yake ya ganda bado inaing’ang’ania DDX3X. Wakati huo huo DDX3X ni mmoja wa walinzi: inasaidia seli kupiga king’ora cha interferoni virusi vikiingia. Mlinzi na mfungua geti ni mtu mmoja. Kwa binti yako hii haina maana kwamba ana VVU, wala kwamba atavipata kirahisi. Simu imekuletea kila kitu chenye neno lile, kama vile ukimuulizia Juma stendi ya Dodoma utaletewa Juma wote.

Dawa? Ya kurekebisha jeni hiyo haipo leo, Dodoma wala London. Utakutana na jina RK-33. Ni kemikali iliyotengenezwa maabara ili kuizuia DDX3X kwenye seli za kansa, na wengine wanajaribu vizuizi vya namna hiyo dhidi ya virusi. Fikiri kidogo: mwanao ana pungufu, na kizuizi kitaipunguza zaidi. Siyo yake. Anayekuuzia matone ya “kusafisha vinasaba” au vitamini za laki mbili, mwache na mzigo wake.

Lililopo ni kazi ya mikono, na huu ndio umri wake. Fiziotherapia kwa misuli. Mtaalamu wa matamshi ukimpata, na usipompata, anza nyumbani kwa picha: kikombe, sahani, kitanda, choo, zichapwe na kubandikwa ukutani kwenye kimo chake, aguse anachotaka. Wapo wanaoogopa kwamba picha au ishara za mikono zitamfanya mtoto asiongee. Haziwi hivyo, zinampunguzia hasira kwa sababu anaeleweka. Apimwe masikio na macho, maana makengeza ni ya kawaida kwao na mtoto asiyesikia vizuri atachelewa mara mbili. Moyo usikilizwe na upigwe picha ya eko, ile ya mawimbi ya sauti, mara moja. Uti wa mgongo uangaliwe anavyokua, unaweza kupinda. Akianza kuota matiti kabla ya miaka minane mrudishe kwa daktari, kwa sababu baadhi yao hubalehe mapema. Wengine wana usonji juu ya haya, kwa hiyo mwambie daktari akimchunguza aangalie na hilo.

Mirembe kumekuwa methali Dodoma, najua jirani alivyomaanisha. Pale ni hospitali ya afya ya akili, na atakayehitaji huduma ile asione haya kwenda. Ila mtoto wa miaka minne aliyechelewa kuongea anaanzia kliniki ya watoto: Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, karatasi mkononi. Toa nakala tatu. Si kila daktari atakuwa amewahi kulisikia jina hili, na si aibu yake. Wewe mpe karatasi asome.

Nimeacha kuduwaa mwisho kwa sababu ndilo la kushughulikia wiki hii, hayo mengine yanaweza kusubiri. Kifafa kinatokea kwa sehemu ya watoto hawa, na si lazima mtoto aanguke na kutoa povu. Kinaweza kuwa hicho hicho unachokieleza: macho yanaganda, haitiki, labda mdomo unatafunatafuna, kisha anaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza pia kuwa ni mawazo ya mtoto tu. Daktari hawezi kutofautisha kwa maelezo, na mtoto akifika kliniki huenda asiduwae. Kwa hiyo mchukue video. Anza kurekodi kabla hujamgusa, kisha mwite jina, kisha mguse bega, saa ya simu ionekane au uihesabu kwa sauti. Andika tarehe na alikuwa anafanya nini. Video mbili tatu za namna hiyo zinaweza kumfanya daktari aagize kipimo cha umeme wa ubongo siku hiyo hiyo, na dawa za kifafa zipo na zinafanya kazi kwa wengi.

Ikitokea akatetemeka mwili mzima, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika 5 bila kutulia, mbebeni mwende hospitali bila kungoja kuche. Kama bibi yake atataka kumfukiza moshi wa mavi ya tembo kwa sababu ni degedege, mwambie asubiri, na gari liwe limeshaitwa.